Mama Giza na Miche Isiyojua Jua

Msikilizaji, umewahi kumsubiri mtu nje ya mlango usioruhusiwa kuufungua?

Fundi viatu mmoja alisubiri hivyo karibu ndoa yake nzima. Mkewe ndiye tunayemkumbuka leo, wasikilizaji wapendwa. Kazini walimwita Mama Giza, naye aliitika.

Mama Giza alitunza miche katika kituo cha utafiti. Aliotesha ngano gizani, kwenye trei za pamba iliyolowa maji. Miche ilitoka mirefu, myembamba, imepauka kama nta. Ndani ya mche mna vipokezi, vitu vidogo mno ambavyo mmea hutumia kuuhisi mwanga. Gizani vipokezi hujaa tele. Mwanga ukiingia, hupungua upesi. Turudie, wasikilizaji: gizani hujaa, mwangani hupungua. Watafiti walitaka kujua vinapungua kiasi gani, na mche ukirudishwa gizani, vinarejea vipi. Basi mlango ukifunguliwa ovyo, trei zote ni za kutupa. Kazi inaanza upya.

Na ilianza upya mara nyingi. Mara mfagiaji kasukuma mlango, mara taa ya korido imepenya kwa chini. Mama Giza akalowesha pamba nyingine, akainama tena chini ya taa hafifu ya kijani isiyoisumbua miche, mgongo ukimwaka. Jioni alitoka akipapasa ukuta, macho kayafinya. Fundi alikuwa kwenye benchi la korido, mkoba wa nyundo na gundi miguuni. Walirudi nyumbani bila maneno mengi. Mtu aliyechoka humlazimishi kuhadithia.

Mdogo wa marehemu anaikumbuka siku binti yao alipojifungua. Fundi alikimbia na habari hadi mlangoni, akasimama. Akasimama tu, mpaka mkewe alipotoka.

"Baba wee! Mjukuu kazaliwa, nawe umeganda hapo kama kigingi?"

"Si ulisema nisifungue?"

"Nilisema usifungue. Nilisema na mdomo ufunge?"

Mdogo mtu hucheka akisimulia, kisha anajifuta machozi. "Shemeji yangu huyo, ukimwambia subiri, hata mvua haimwondoi."

Wiki iliyopita moyo wa Mama Giza ulichoka. Alifariki hospitalini. Fundi alikuwa nje ya chumba; muuguzi alikuwa amemwambia asubiri kidogo.

Tunampa pole fundi, binti yake, mjukuu, na mdogo wa marehemu. Mola awape subira, ingawa fundi amekwisha kuitumia nyingi. Nasi tuliobaki, tumtazame anayetusubiri. Tumemwacha upande gani wa mlango?

Baada ya mazishi, viti vikikusanywa uani, mdogo mtu alikaa karibu na fundi.

"Shemeji, niambie kweli. Miaka yote ile, hukutaka aiache kazi ile?"

Fundi alitikisa kichwa.

"La. Nilitaka aniambie, pita. Nikae naye humo humo gizani. Nisingegusa kitu."