Usimpe Mtu Mwingine

Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ya Mbeya, kuna benchi la ubao uliotolewa kwenye bodi la lori bovu. Wenyewe wanapaita Rufaa, kwa sababu mambo yaliyokwisha kuamuliwa majumbani huletwa hapo yakaamuliwe upya. Hassani anauza kahawa. Halfan, aliyeendesha malori ya Tunduma miaka ishirini na mbili, anaitwa Breki. Anderson anaitwa Wakili. Aliwahi kuitwa mahakamani mara tatu kutoa ushahidi wa mpaka wa shamba, na tangu hapo hazungumzi bila kutaja sheria. Nahumu, fundi viatu, ana meza yake ubavuni mwa benchi, kwa hiyo husikia kila kitu hata asipotaka. Ijumaa hiyo, saa tatu asubuhi, makoti yakiwa bado yamefungwa hadi shingoni, Nahumu aliweka sindano chini akatoa simu.

— Wazee, nina meseji hapa. Inanisumbua tangu Jumatatu.

— Isome, alisema Halfan.

— Naisoma. Ila kuna mahali nitaziba.

Aliziba kwa kidole gumba, akasoma taratibu:

"Hosiana Nahumu, umechaguliwa kujiunga na mafunzo ya uuguzi na ukunga. Thibitisha kabla ya Ijumaa saa 10:00 jioni. Msimbo wako ni..." Hapo akaruka. "Usimpe mtu mwingine msimbo huu."

— Hosiana si yule binti yako mkubwa? aliuliza Hassani.

— Ndiye. Walipojaza fomu pale steshenari hakuwa na simu, wakaandika namba yangu.

— Baba Hosi, hao ni matapeli, alisema Halfan. Funga hiyo simu.

— Jina lake wamelipata wapi?

— Mimi hawakulipata? Waliniambia Bwana Halfan, hongera, umeshinda gari. Nikatuma hela ya kulisafirisha. Mpaka leo liko njiani.

— Na wewe dereva! Hassani alicheka. Hukuuliza linapita njia gani?

— Niliuliza. Wakasema Tunduma. Ndiyo maana nikaamini.

Nahumu hakucheka. Mwaka jana Hosiana aliomba chuo, akakosa. Alikuwa na D ya Kemia, D ya Fizikia na C ya Baiolojia, sifa zote zilizotakiwa, lakini nafasi zilijaa. Alilala siku mbili bila kula. Safari hii Nahumu alijiapiza kwamba hatamwambia jambo la chuo mpaka awe na hakika nalo, asije akamwamsha kwa habari ya matapeli. Tangu Jumatatu alikuwa anaitafuta hakika hiyo, na binti yuko Kichiwa kwa shangazi yake Oktavia, anachimba viazi.

— Hawajaomba hela, alisema Nahumu. Ndicho kinachonichanganya.

— Kwa sababu siyo matapeli, alisema Anderson. Hiyo ni nyaraka. Hebu rudia mstari wa mwisho.

— Usimpe mtu mwingine msimbo huu.

— Umeona? Mtu mwingine, kisheria, ni mtu yeyote ambaye siyo yule aliyepelekewa. Meseji ilipelekwa wapi?

— Kwangu.

— Basi aliyepelekewa ni wewe. Wengine wote ni watu wengine. Mimi, Breki, Hassani, mkeo.

— Na Hosiana?

Anderson alikunywa kahawa kwanza.

— Hosiana naye ana kichwa chake na miguu yake. Ni mtu mwingine.

— Kwa hiyo aliyechaguliwa uuguzi ni Nahumu? aliuliza Halfan.

— Mimi sisemi. Sheria ndiyo inasema.

— Nesi Nahumu! Njoo unichome sindano, mzee baba. Sindano si unayo hapo mezani!

— Ile ya kushonea buti, alisema Hassani. Mgonjwa anapona kabla hajachomwa.

— Mimi Fizikia nilipata F, alisema Nahumu. Acheni utani. Ni leo saa kumi.

Hassani aliweka birika chini. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kulimaliza jambo.

— Nyote hamjaelewa. Huo ni usaili.

— Usaili gani kwenye simu ya mzazi? aliuliza Halfan.

— Ndio wenyewe. Nesi kazi yake kubwa ni nini? Siri. Anajua nani ana ugonjwa gani, nani kajifungua mtoto wa nani. Sasa watajuaje kama binti anatunza siri? Wanaupima ukoo. Wanamtumia baba namba, wanamwambia usitoe, halafu wananyamaza wanaangalia. Saa kumi ikifika hujatoa, wanapiga: hongera mzee, ukoo wenu unafaa.

 Halfan aliitikia kwa kichwa taratibu.

— Hapo Hassani umepiga penyewe.

— Umeshamwambia mtu yeyote? aliuliza Anderson.

— Hata mama yake sijamwambia, alisema Nahumu.

— Siku tano?

— Siku tano.

— Mwanaume, alisema Halfan, akampa mkono.

Nahumu aliupokea. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mabega yake yalishuka.

Wakati huo Anifa, anayeuza maharage duka la tatu kutoka hapo, alikuwa amesimama na kiatu kilichokatika kamba. Alikuwa amefika mazungumzo yakiwa kwenye usaili, na hakujua yalivyoanza.

— Shikamooni. Baba Hosi, mnazungumzia nini?

Nahumu alimweleza kwa kifupi, kidole kikiwa palepale. Anifa alisikiliza mpaka mwisho.

— Sasa Hosiana asipopewa hiyo namba, atathibitisha kwa kutumia nini?

Halfan alimtazama Anderson. Anderson alimtazama Hassani. Hassani alianza kufuta birika ambalo halikuwa na uchafu.

Nahumu alipiga simu ya Oktavia. Ikaita muda mrefu.

— Shikamoo baba. Hosiana alikuwa anahema. Shangazi anajaza gunia, nimeshika mimi.

— Marahaba. Simu ya shangazi ina bando?

— Lipo kidogo.

— Ingia kwenye lile ombi lako la chuo. Nikusomee namba.

 Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayekimbilia penye mtandao.

Nahumu alitoka mezani kwake, akazunguka nyuma ya lori lililoegeshwa, ili watu wengine wasisikie. Lakini upepo wa Kichiwa ulikuwa unaingia kwenye simu, ikambidi apige kelele.

— Saba! Nne! Nne, siyo mbili! Sifuri!

Anderson aliziba masikio kwa vidole viwili, akabaki hivyo mpaka kelele zilipoisha.

Nahumu alirudi simu ikiwa bado sikioni. Macho yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta.

— Imekubali, aliwaambia. Imeandika imekubali.

Halfan alipiga ubao kwa kiganja. Anifa alishangilia mpaka watu wa dukani wakachungulia. Ndani ya simu Hosiana alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, halafu akatulia.

— Baba?

— Naam, mwanangu.

— Hii meseji ilikuja lini?

Nahumu aligeukia benchi. Wazee wote watatu walikuwa wameinama, wanatazama ndani ya vikombe, na vikombe vilikuwa vitupu.