Msiba wa Mchezo wa Kina Oswald

Kijiwe chetu hapa Kasingirima, Ujiji, ni ubao wa mtumbwi mkuukuu juu ya mawe mawili, lakini habari zake zinavuka ziwa na kufika Kongo kabla ya redio. Kahawa anachemsha Nuhu, kahawa ya Kalinzi, nyeusi mpaka ukiimwaga usiku wa giza unaiona. Mimi ndiye msemaji mkuu, shule niliiacha darasa la sita baada ya walimu kuishiwa cha kunifundisha. Wenzangu ni Injinia, yaani Dismasi, aliyewahi kushika spana melini, na Mgebuka, yaani Thobias, mrefu na mwembamba kama samaki mwenyewe wa jina hilo. Mwaka huo watu walikuwa wanakimbia vita Burundi, wanajaa ufukweni Kagunga, mpakani, wanaletwa mjini kwa meli kungoja mabasi ya kambini. Na alasiri hiyo tulikuwa tunabishana juu ya mchezo wa kuigiza wa kina Oswald, ulioanza juzi uani kwa Mama Mwamini, na mpaka tunakunywa kahawa ulikuwa haujaisha.

– Yule Veneranda kasomea, alisema Mgebuka. Huko kwao kuna chuo wanafundisha kulia miaka minne.

– Mwaka wa kwanza wanalia jicho la kushoto tu, nikamsaidia.

– Acheni fiksi, alisema Injinia. Machozi yale hayatoki bila pampu. Mimi pampu nazijua, nimefanya kazi melini.

– Ulishika spana asubuhi moja, na ulikuwa unampasia mwenzio, alisema Nuhu. Hebu nielezeni vizuri. Mimi siku ile nilikuwa na birika langu hapa, sikuona kitu.

Wote wakanitazama, kama ilivyo haki.

– Sikiliza, Nuhu. Oswald ana watu sita na shuka moja la pazia, lakini kikundi kile kingepelekwa Ulaya, Ulaya ingefungwa wiki nzima kwa majonzi. Mchezo wenyewe ni mama aliyefiwa na mtoto ziwani wakati wa kukimbia. Oswald kamchukua Veneranda, yule mkimbizi aliyepokewa na Mama Mwamini, akamwambia kaa mkekani, nyoosha miguu, jitande khanga, useme "mwana wanje, mwana wanje". Yaani mwanangu, kwa lugha yao. Pazia likavutwa. Akasema mara moja tu. Nakuapia, mbuzi wa jirani aliacha kutafuna.

– Mbuzi nilimwona mimi, alisema Mgebuka. Alipiga magoti.

– Sasa Mama Mwamini yuko mbele pale, anatazama. Anaona mwanamke kafiwa, kakaa mkekani peke yake. We, Ujiji hii hii, mfiwa akae peke yake? Mama akainuka, akavua viatu, akapanda jukwaani, akakaa naye.

– Kwenye mchezo? Nuhu aliuliza.

– Kwenye mchezo. Mwingine akamfuata. Mara wanawake wote wako juu, mkeka umejaa, wakaleta mingine. Sisi wanaume tukaona tunakaaje ndani na wanawake wana msiba? Tukatoka nje tukapanga mabenchi. Oswald kachungulia pazia, watazamaji hakuna. Anaita, "Jamani rudini, bado hatujafika anapoingia mganga." Nani amsikilize? Mgebuka huyu alikuwa keshafika njiani na mzigo wa kuni.

– Niliona aibu kukaa mikono mitupu, alisema Mgebuka.

– Na mganga mwenyewe wa mchezo tulimtuma maji, na mavazi yake ya manyoya.

– Na Veneranda?

Hapo nilinywa kahawa kwanza.

– Veneranda alisahau maneno ya Oswald. Akamwegemea Mama Mwamini, akalia kilio kingine. Si kile cha mazoezi.

Injinia hakutaja pampu tena. Alikuna kidevu.

– Kumbe mtoto alikuwepo kweli, alisema taratibu. Wanasema mtumbwi ulipinduka kabla ya Kagunga. Na kule ufukweni, na ule umati, nani angemtandikia mkeka?

– Ndiyo maana nasema kikundi cha Oswald ni cha kwanza duniani, nikasema. Wengine wanaigiza msiba. Hawa wameuzaa.

Shadia, binti wa Mama Mwamini, akatokea na mikono yake ya unga.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu.

– Mama anasema leo ndiyo siku ya tatu, tunaanua tanga. Basi la Veneranda ni kesho asubuhi, hataki aondoke na msiba wake begani. Anataka mwanamume mmoja aje atoe shukrani na kutangaza.

Nilisimama kabla hajamaliza.

– Umefika penyewe. Nitaanzia siku ziwa lilipochimbwa. Watu watasahau kwenda kulala.

– Sawa, baba. Utasema tanga la nani?

– La... mtoto wa Veneranda.

– Jina lake?

Nilimtazama Mgebuka, aliyebeba kuni. Mgebuka akamtazama Injinia, aliyepanga mafiga. Injinia akatazama ndani ya kikombe.

– Muulize Oswald, nikasema.

– Nimemuuliza. Yeye kwenye mchezo kaweka "mwanangu" tu. Na mama yangu naye hajui. Tumemlilia wote, hakuna aliyeuliza.

Nuhu alikuwa na birika mkononi, hakummiminia mtu. Tukaenda wote, hata yeye, kahawa tukaiacha kwenye makaa.

Veneranda alikuwa palepale mkekani. Nilichuchumaa, nikamuuliza kwa sauti ambayo kijiweni hawaijui.

– Leonardi, alisema. Halafu akanitazama vizuri, na kwa mara ya kwanza nikaona mdomo wake unataka kucheka.

– Alikuwa mwongo kama wewe. Alisema atavuka ziwa hili kwa kutembea.

Nikasimama. Oswald na watu wake wote wamekaa chini na wafiwa, kila mtu anangojea ziwa lichimbwe.

– Tunaanua tanga la Leonardi, nikasema. Asanteni.

Nikakaa.

– Umeishia hapo? Mgebuka alinong'ona.

– Hapo hapo.

Wanawake wakaanza kukunja mikeka. Ule wa jukwaani Veneranda aliukunja mwenyewe.