Ardis Brandvold na Ukurasa wa Mia Moja Tisini na Tatu

Mchungaji, ndugu, majirani wa Stenvik, wafanyakazi wa maktaba, na nanyi mliovutwa na harufu ya chakula kutoka chumba cha chini mkaona ni adabu kupitia kanisani kwanza, asanteni kwa kufika. Naitwa Signe Tollefson, marehemu alikuwa shangazi yangu, nami nimetumwa na familia kusoma maisha yake. Aliacha maagizo kwa maandishi kwamba yasizidi kurasa nne, na kwamba atakayeyasoma asiruke hata mstari mmoja, kwa hiyo mkiona nimekawia mahali, mjue natii.

Marehemu Ardis Luella Brandvold alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 3 Juni 1941, katika shamba la Tollefson, maili sita kaskazini mwa mji huu wa Stenvik, Minnesota, akiwa mtoto wa kwanza wa Nels na Borghild Tollefson, na miaka mitano baadaye, tarehe 19 Agosti 1946, akapata mdogo wake wa pekee, Orrin, ambaye ndiye baba yangu, na ndiye yule pale benchi la mbele anayejifanya anatafuta kitu kwenye kitabu cha nyimbo. Baba ameniruhusu kusema yote yaliyomo humu, kwa sharti moja tu, kwamba niyaseme bila kumtazama.

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa kando ya barabara ya kaunti, kisha sekondari ya hapa Stenvik, akamaliza tarehe 29 Mei 1959 akiwa wa kwanza katika darasa la wanafunzi kumi na saba, akaenda Moorhead kusomea ualimu. Tarehe 8 Novemba 1961 babu yetu Nels alifariki ghafla ghalani, na Shangazi akafungasha sanduku lake arudi nyumbani, lakini alipofika jikoni alimkuta mdogo wake wa miaka kumi na mitano ameshavaa ovaroli la baba yao, miguu ya suruali ameikunja mara tatu, akamwambia, "Rudi shule, Dada. Ng'ombe hawaulizi cheti." Shangazi akarudi chuoni, akahitimu Juni 1963, na baba yangu hakukanyaga tena darasani. Nawaomba mliweke jambo hilo akilini, tutalirudia.

Alifundisha miaka mitatu, na tarehe 1 Julai 1966 akaajiriwa kuwa mkutubi wa maktaba ya mji, kazi aliyoifanya miaka arobaini na saba, chini ya wenyeviti kumi na wawili wa kamati ambao, kwa maneno yake, saba walikuwa wanajua kusoma na wote walikuwa wanajua kuahirisha. Yeye ndiye aliyeanzisha zile kadi za maoni mnazozijua, zinazokaa kwenye mfuko nyuma ya kila kitabu, zenye mistari mitatu, jina lako, ukurasa ulioishia, na maoni yako, na nyota kama unapenda kutoa nyota, na sharti lake lilikuwa kwamba mstari wa pili ujazwe kabla ya wa tatu, kwa sababu mtu ana haki ya kutoa maoni juu ya chochote alichokisoma, na ana haki hiyo mpaka pale alipoishia, si zaidi.

Tarehe 12 Septemba 1964 alifunga ndoa katika kanisa hili na Lyle Brandvold, aliyekuwa msimamizi wa ghala la nafaka la ushirika, mtu mpole aliyeweza kukaa siku nzima kwenye barafu akivua samaki bila kusema neno, na Shangazi alituambia kwamba ndoa yao ilidumu kwa sababu mmoja alikuwa msemaji na mwingine msikilizaji, na hawakuwahi kubadilishana zamu. Mjomba Lyle alitangulia tarehe 30 Aprili 2001. Hawakujaliwa mtoto, lakini watoto wote wa Stenvik waliowahi kuchelewesha kitabu wanajua kwamba hilo halikumpunguzia Shangazi mamlaka ya mzazi.

Sasa nafika kwenye kitabu, ambacho najua ndicho mlichokuwa mkikingojea. Mwezi Oktoba 2011 maktaba ilipokea kitabu kiitwacho *Sijamaliza Kusema*, cha Garth Mulvane, yule mchambuzi wa siasa wa televisheni anayejulikana kwa kuwakata wageni wake kauli, na katika wiki sita mfuko wa nyuma ulijaa kadi kuliko vitabu vingine vyote vya rafu ile kwa pamoja. Wapo walioandika, "Nyota tano, anasema tunachoogopa kusema," na Mwalimu Merle Oftedahl, ambaye amekubali kutajwa, aliandika, "Sifuri, kinafaa kuwashia jiko," na mama mmoja aliyeomba asitajwe aliandika, "Ukurasa wa 9, mume wangu analala vizuri sana akikisoma." Kadi kumi na moja zilisema zimesoma kitabu chote. Mojawapo ilikuwa ya baba yangu, iliyosema, kwa herufi kubwa, "Nyota tano. Nimekisoma chote, mara mbili."

Upande wa Mwalimu Merle ukaomba kitabu kiondolewe, upande wa baba yangu ukaomba kiwekwe mbele karibu na mlango, na kwa kuwa kaunti ilikuwa na fomu moja tu kwa malalamiko yote, pande zote mbili zilijaza Fomu 7-C, ambayo swali lake la nne huuliza, "Je, umesoma kazi hii yote?" na kutoa majibu matatu, Ndiyo, Hapana, na Haihusiki. Kikao kilikuwa Jumanne tarehe 17 Januari 2012, ukumbi ukajaa mpaka watu wakakalia meza za watoto magoti yakigusa kidevu, na kelele zilikuwa za kumfurahisha Mulvane mwenyewe. Baba alisimama akasema, "Dada umekificha!" na Shangazi akajibu, "Nimekipanga kwa alfabeti, Orrin. Ukitaka ugomvi, gombana na alfabeti." Kisha akamuuliza, mbele ya wote, alipofika ukurasa wa 192 aliona nini katika ukurasa uliofuata. Baba akasema, "Niliona ukweli," na upande wake ukapiga makofi. Shangazi akakifungua kitabu akakiinua juu. Baada ya ukurasa wa 192 ulikuja wa 161. Aliyekijalidi alikuwa amerudia kurasa thelathini na mbili zilezile, na akasahau thelathini na mbili nyingine, kuanzia wa mia moja tisini na tatu, na katika wasomaji kumi na mmoja waliomaliza kitabu, wa nyota tano na wa sifuri, hakuna hata mmoja aliyegundua. Mwalimu Merle, naye alikuwa ametia alama kwenye Ndiyo, alikumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka. Watu walicheka sana, na aliyechekwa zaidi ni baba yangu, aliyevaa kofia yake akatoka.

Kamati iliazimia kwamba maombi yote yaahirishwe hadi waombaji watakapokuwa wamesoma, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba hakuna ombi lililorudi.

Shangazi alirudi nyumbani ameshinda, na kesho yake asubuhi nikaenda kumwambia alichokuwa hajui, ambacho sisi wa shambani tulikuwa tumekizoea kiasi cha kukisahau, kwamba gazeti la kila asubuhi baba alikuwa akisomewa na mama yangu mpaka mama alipofariki mwaka 2009, na kwamba kwa baba herufi hazijawahi kukaa mahali pamoja tangu alipoacha shule akiwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa akimsikiliza Mulvane kila siku saa moja jioni, akaona kwamba hiyo ni sawa na kusoma. Mtu anayeona aibu kusema hajasoma hata mara moja husema amesoma mara mbili. Shangazi aliweka kikombe chake cha kahawa mezani, akasema, "Miaka arobaini na tano nimewasomesha watoto wa kaunti nzima, na aliyenisomesha mimi sikumtazama." Kisha akavaa koti.

Alikwenda shambani, lakini baba hakumfungulia mlango. Jumanne iliyofuata, tarehe 24 Januari, Shangazi alirudi, akaegesha gari uani mbele ya dirisha la jikoni, akakaa ndani yake tangu saa tatu hadi saa nne asubuhi akisoma kitabu cha Mulvane, akaondoka. Akafanya hivyo Jumanne iliyofuata, na nyingine, na nyingine, baba akimtazama kupitia pazia na kuniambia, "Mwambie shangazi yako hapa si kituo cha basi." Jumanne ya tano, tarehe 21 Februari, upepo ulikuwa mkali na baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri, na baba akatoka na soksi tu, akagonga kioo cha gari.

"Utaganda humo, halafu watasema nimekuua."

"Basi fungua mlango wa nyumba."

"Sisomeshwi, Dada. Nina miaka sitini na mitano."

"Nani kasema nakusomesha? Nimekuja kuomba radhi, na ninayo radhi ndefu, haisemeki kupitia kioo."

Radhi yenyewe ilisemwa jikoni na mimi sikuisikia, ila nilimsikia Shangazi akisema kwamba kipo kitabu chepesi zaidi cha kuanzia, kifupi, chenye herufi kubwa, kinahusu mbwa, na nikamsikia baba akijibu, "Nilisema nimekisoma hiki. Neno limeshatoka. Kilichobaki ni kulifanya liwe kweli."

Basi kila Jumanne saa tatu asubuhi, kwa miaka saba, walisoma *Sijamaliza Kusema*, kwanza Shangazi akisoma na baba akifuata kwa kidole, kisha baba akichukua sentensi moja, kisha aya, kisha ukurasa, na kama mnajiuliza inakuwaje kitabu kimoja kichukue miaka saba, hamjawahi kuwasikia watoto wa Nels Tollefson wakibishana. Kila sentensi ilisomwa mara mbili, moja kwa ajili ya herufi na moja kwa ajili ya ugomvi. "Huyu mtu muongo," Shangazi alisema. "Ngoja amalize," baba alisema. "Amesema mwenyewe hajamaliza!" Hawakukubaliana juu ya jambo hata moja la nchi hii, tangu shule hadi kura, na sijawahi kuwaona wakiachana bila kahawa ya pili. Shangazi alikichukia kitabu kile kwa moyo wake wote na hakuruka hata tanbihi.

Kuhusu zile kurasa zilizokosekana, Shangazi alimwandikia mchapishaji, ambaye alimjibu mara tatu, mara ya kwanza kumshukuru kwa kuwa mteja, mara ya pili kumuuliza kama ameridhika na jibu la kwanza, na mara ya tatu, baada ya barua ambayo nakala yake naihifadhi kwa ajili ya wajukuu, kumletea kurasa thelathini na mbili ndani ya bahasha. Ni sura ambayo Mulvane anasimulia habari za mama yake, dereva wa basi la shule, na jinsi alivyomfundisha kurudisha basi nyuma kwenye theluji, na ndizo kurasa pekee katika kitabu kizima ambamo hamtukani mtu. Baba alizisoma zote peke yake, Shangazi akisikiliza, na alipomaliza Shangazi akasema, "Nyota moja, kwa ajili ya mama." Baba akasema, "Mbili." Wakabishana mpaka saa sita.

Shangazi alistaafu tarehe 30 Juni 2013, akaendelea kwenda maktaba kila siku kwa madai kwamba anapita tu. Tarehe 11 Oktoba 2018 aligundulika kuwa na moyo uliochoka, tarehe 2 Januari mwaka huu akahamia nyumba ya wazee, ambako fomu ya kuingilia ilimuuliza ni shughuli zipi anazozipenda, akaandika, "Jumanne." Baba alimfuata huko kila Jumanne, theluji iwe imezolewa au haijazolewa, na Jumanne ya tarehe 5 Machi alimsomea hadi ukurasa wa 311, bila msaada, Shangazi amefumba macho, na baba aliposimama kidogo akidhani amelala, Shangazi akamwambia, "Umeruka koma." Siku ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Shangazi alifariki dunia, zikiwa zimebaki kurasa saba.

Mliokuwepo jana mchana kutoa heshima mmeyaona yaliyofuata, nanyi ambao hamkuwepo mnastahili kuambiwa. Baba yangu, mwenye miaka sabini na miwili, alivuta kiti kando ya jeneza, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa 312 akasoma kwa sauti, kwa kidole, mbele ya mji uliomcheka, na alipokwama kwenye neno moja refu watu wakajifanya wanaangalia maua, isipokuwa Mwalimu Merle, ambaye alisogeza kiti chake karibu na kumtajia silabi ya kwanza tu, kama mwalimu anavyopaswa, akamwachia zilizobaki.

Familia inamshukuru daktari wake, wauguzi wa nyumba ya wazee waliojifunza kutoingia chumbani siku ya Jumanne saa tatu, majirani waliozoa theluji mlangoni kwake bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa maktaba, akina mama wa kanisa walioandaa nyama, viazi na kahawa huko chini, na kamati ya maktaba, ambayo imeahirisha kikao chake ili ihudhurie, na tunaamini hilo lingemfurahisha.

Kadi ya mwisho katika mfuko wa nyuma wa kitabu kile ilikuwa imeshajazwa jina kwa mwandiko wa Shangazi, mistari miwili ikiwa wazi. Ilijazwa jana jioni, nami nimeombwa niisome kabla hatujasimama.

Jina, Orrin Tollefson. Ukurasa, 318, wa mwisho. Maoni, "Nyota tatu. Dada alisema mbili nyingi mno. Anapiga kelele sana, lakini mama yake alikuwa mtu mzuri. Nimekisoma chote, mara moja."

Pumzika kwa amani, Shangazi. Tumemaliza.