Mama Hodi Hakusahau Hodi Yake

Wasikilizaji wapendwa, siku aliyotutoka Mama Hodi ilikuwa Jumanne. Saa nne asubuhi alikuwa gatini, mgonjwa mgongoni, anampandisha kwenye boti. Saa saba mchana alikuwa amelazwa sakafuni mwa boti hiyohiyo, fuvu limepasuka, mkono wa kulia umevunjika mara tatu. Hakufika hospitali. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Kwa ambao hamkumjua: Mama Hodi alikuwa afisa wa afya. Kazi yake ilikuwa kuwafunza vijana waliotoka chuoni juzijuzi, wale ambao wino wa vyeti vyao haujakauka, namna ya kufanya kazi ya afya visiwani. Visiwani kwenye zahanati ya vyumba viwili na boti moja kwa siku. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Alifunza vijana mia mbili na kumi na wanne.

Jina la Mama Hodi walimpa vijana hao. Wiki ya kwanza hakuwaruhusu kugusa dawa hata ya kichwa. Walipita nyumba kwa nyumba, wakapiga hodi, wakakaa, wakasalimia. Basi.

"Mama, tumesoma miaka mitatu tuje kusalimia watu?" kijana mmoja alimuuliza.

"Salimia, mwanangu. Wakikuzoea, hata matusi watakutukana kwa upole."

Katika kundi lake la mwisho walikuwa vijana sita. Mmoja ni binti wa miaka ishirini na mitatu, waliyembatiza Umeme. Mikono yake ilikuwa inatangulia masikio. Mama Hodi alisema, "Huyu ukimtuma kamba, anakuletea kabla hujamwambia ya urefu gani." Ilikuwa sifa. Ilikuwa pia karipio.

Wasikilizaji wapendwa, kisiwa kile kilikuwa na kipindupindu. Ndani ya siku sita walikuwa wamezika watu watano, watatu wao watoto. Watu walikuwa na msiba, walikuwa na hofu, na walikuwa hawalali. Jumanne hiyo, kabla ya kwenda gatini, Mama Hodi aliacha agizo moja.

"Dawa ya kisima hiyo hapo. Haitiwi mpaka nyumba zote thelathini na sita zipigiwe hodi. Kila nyumba isikie kwa masikio yake: kikishatiwa, hakichotwi maji mpaka kesho. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama."

Umeme alipiga hesabu yake. Nyumba thelathini na sita, kila moja na maswali yake, ni mpaka alasiri. Na kila ndoo itakayotoka kisimani kabla ya alasiri ina ugonjwa ndani. Aliwaza: nitie sasa, hodi nitapiga nikirudi. Akatia. Kipimo kilikuwa sawasawa. Hodi hakuwa amepiga hata moja.

Alipokuwa nyumba ya pili, mama mmoja alikwenda kuchota. Mwanawe alikuwa anaharisha tangu alfajiri. Maji yalinuka ukali, lakini mtoto alikuwa analia kiu. Akamnywesha. Mtoto akatapika. Baada ya nusu saa akafa mikononi mwake.

Tuseme wazi, na turudie: mtoto yule hakuuawa na dawa. Daktari aliyempima amethibitisha. Aliuawa na kipindupindu. Lakini saa ile nani angesikiliza? Mama wa watu alitoka nje na mwanawe mikononi, akapiga ukelele mmoja tu.

"Wametia sumu!"

Watu walitoka na walichokishika: mawe, mapanga, makasia. Vijana walikimbilia stoo ya shule. Watano waliingia. Wa sita alidakwa kizingitini, akapigwa kasia la uso. Wenzake walimvuta ndani kwa miguu. Jicho lake la kushoto halikupona.

Kisha shoka likaanza kuula mlango. Umeme alikuwa ameegemea mbao. Aliuona ulimi wa shoka ukitokeza juu ya kichwa chake, ukichomolewa, ukirudi tena chini zaidi. Vipande vya mbao vilimwingia machoni. Sauti ikasema kutoka nje, karibu sana:

"Mtoeni aliyetia! Mmoja tu! Wengine tutawaacha!"

Umeme alishika komeo. Hakulivuta. Anasema vidole vilikataa, na hata leo hajui vilikataa kwa nini.

Ndipo akasikia sauti aliyoijua. "Nipisheni, baba. Nipisheni. Hao ndani ni wanangu."

"Nani katia kisimani?"

"Mimi."

Wasikilizaji wapendwa, Mama Hodi hakujua ni nani aliyetia. Alikuwa ametoka gatini mbio, bado anahema. Hakuuliza. Alisema "mimi", akaomba ndoo ya maji yaleyale, akanywa vikombe viwili mbele yao.

"Huyo ana dawa ya kuizimua!" mmoja alipayuka. "Wanawapa huko chuoni!"

Jiwe la kwanza lilimpiga mdomoni. Alikaa chini, mgongo wake ukauziba mlango. Umeme alivisikia vipigo kupitia mbao, na kila kipigo kilimgonga na yeye mgongoni. Kimoja. Kingine. Baadaye akaacha kuhesabu. Watu walipotawanyika, vijana walishindwa kuufungua mlango. Mwili wa Mama Hodi ulikuwa umeuegemea.

Taarifa ya kazini iliandikwa ndani ya wiki mbili. Ilisema mkufunzi alikiri mwenyewe, mbele ya watu, kutia dawa bila kuwaarifu wananchi. Watu wakaanza kunong'ona: aliyefundisha hodi kasahau hodi. Mpaka siku ya kumwombea makaburini walinong'ona. Mdogo wake, ambaye ni mshonaji, aliwageukia.

"Dada yangu alikuwa anapiga hodi jikoni kwake mwenyewe! Tukimcheka, anasema huenda paka ana mgeni. Leo ndiyo alisahau?"

Umeme alikuwa mstari wa tatu, mtandio umemfunika uso.

Alikaa na jambo hilo wiki tano. Siku moja asubuhi alikwenda kwenye karakana ya mume wa marehemu. Mzee huyo ni seremala.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetumwa na nani, binti?"

"Sijatumwa. Ni mimi niliyetia dawa kisimani."

Seremala alikuwa na nyundo mkononi. Aliinyanyua. Umeme alifumba macho, akabaki pale pale. Nyundo ilishuka kwenye meza mpya ya mteja, ikashuka tena, ikashuka tena, hata ile meza ikawa kuni na ngumi za mzee zikavuja damu. Kisha akakaa juu ya maranda.

"Alijua ni wewe?"

"Hakujua, baba."

Seremala alijifuta damu kwenye shati. "Mimi umeshaniambia," akasema. "Nenda kawaambie na wale wanaomcheka mke wangu."

Ndiyo maana tunayasimulia haya. Wote wawili wameturuhusu, na Umeme ameomba tusipunguze neno.

Mola awape subira mume wa marehemu na mdogo wake. Ampe subira na yule mama aliyempoteza mtoto, maana naye ni mfiwa. Kijana aliyepoteza jicho, pole sana. Na sisi tuliobaki, kila mmoja ajiulize akiwa peke yake: lile jiwe la kwanza lilipokuwa mkononi mwa mtu, mimi ningekuwa nimesimama upande gani?

Kesho saa tatu asubuhi Umeme anakwenda polisi kuandika maelezo yake. Seremala ndiye atakayempeleka.