Oiva Kettukangas na Ugomvi Uliobaki Mlangoni

Wasifu huu umeandikwa na Kerttu, mke wa marehemu. Unasomwa na Reino, mdogo wa marehemu, wa baba mmoja mama mmoja, kwa kuwa katika ukoo wa Kettukangas msomaji ni mwanaume mkubwa aliyebaki, na utaratibu huo hauna pa kukwepea. Reino aliomba aonyeshwe karatasi mapema. Hakuonyeshwa. Amekabidhiwa mlangoni mwa kanisa kama waombolezaji wengine. Asome polepole, watu wa nyuma wasikie.

Marehemu Oiva Aarne Kettukangas alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948 hapa Honkasalmi, mtoto wa kwanza wa Aarne na Lempi. Alizaliwa ndani ya sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, kama wengi wa rika lake, kwa kuwa nyumba nzima haikuwa na chumba kingine chenye maji ya moto na usafi wa kutosha. Reino alimfuata mwaka 1953, akazaliwa palepale. Mama yao aliwalea kwa sheria moja: mle ndani hakuna kugombana, hakuna kutukana, hakuna kusema uongo. Mwenye neno chungu atoke nje na mwenzake, wamalizane hukohuko kwenye theluji, kisha warudi, na aliyeanza ugomvi ndiye ayamwagie mawe maji ili mwenzake apate mvuke. Marehemu aliishika sheria hiyo mpaka mwisho. Wapo walioishika nusu.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1955, kisha akaenda Kuopio kujifunza ufundi mitambo, akamaliza 1966. Siku za shule ndugu hawa wawili walikuwa na jozi moja tu ya viatu vya kutelezea barafuni. Oiva alicheza kipindi cha kwanza cha hoki, akavua, akamvalisha Reino na kumjazia magazeti kwenye vidole ili viatu visimpwaye, kisha yeye akasimama kando ya ziwa na soksi zake mbili hadi mchezo uishe. Mama alipomuuliza kwa nini miguu imekuwa ya bluu, alijibu, "Reino ana mkono mzuri wa kushoto. Angecheza saa ngapi sasa?"

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi kuanzia 1966 hadi alipostaafu mwaka 2009, na katika miaka hiyo arobaini na mitatu alichelewa kazini mara moja, siku aliyozaliwa binti yake. Ukumbi wa barafu ulipofunguliwa mwaka 1979, alijitolea kuendesha mashine ya kulainisha barafu kila Jumamosi. Watoto wa mji huu waliojifunza kusimama, waliangukia barafu aliyoilainisha yeye. Na siku za mechi alikaa safu ya nne, kiti namba 11. Namba 12 kilikuwa cha Reino.

Alifunga ndoa na Kerttu Ihalainen tarehe 24 Juni 1972. Tarehe hiyo aliichagua marehemu, naye mkewe alidhani ni kwa ajili ya sikukuu ya kati ya kiangazi. Alikuja kugundua baadaye kwamba ni kwa kuwa Juni haina hoki. Walijaliwa watoto wawili, Marketta na Jouko. Alikuwa mume mwema, na hilo Kerttu anataka liandikwe peke yake, lisichanganywe na mengine.

Sasa ni hiyo timu. Kila Alhamisi, kwa miaka isiyopungua thelathini, ndani ya sauna ileile ya uani kwetu waliketi wazee watatu: Oiva, Reino, na Pentti aliyekuwa mgawa barua. Walikuwa wakikipanga kikosi cha Uittajat, timu ya hoki ya mji wetu, kana kwamba kocha anangoja simu yao. Wakitofautiana walitoka nje na mataulo yao, na Kerttu akiwa jikoni alisikia kila kitu.

"Beki wako wa kushoto anageuka kama meli ya mizigo," Oiva alisema.

"Afadhali wangu anageuka. Wako akianguka anangoja mtu aje amwinue."

"We Reino, hoki unaitazamaga kwa macho au kwa magoti?"

"Kaka, mwaka huu kwenye mtoano hatufiki popote na mabeki hao, nakuambia sasa hivi usije ukasema sikukuambia."

Na Pentti alidakia, "Malizeni basi. Mimi vidole vya miguu sivisikii tena."

Wakarudi ndani, maji yakamwagwa kwenye mawe, ugomvi ukaisha. Kerttu hakuwahi kuona wanaume wanaotukanana hivyo na kupendana hivyo.

Mwaka 2016 Reino alichaguliwa kwenye uongozi wa timu. Marehemu alifurahi kumshinda mwenye cheo. "Sasa tuna mtu ndani," alisema. Yule mtu wa ndani alihamia kwenye viti vya juu vya viongozi, ambako kahawa haiishi, na kiti namba 12 kikabaki kitupu. Marehemu alikiwekea koti lake ili asikae mwingine.

Februari mwaka huu kipa wetu alikuwa Joona Luukkainen, mwenye miaka ishirini na mitatu, mtoto wa dereva wa basi la shule, aliyeanguka kwenye barafu ya marehemu tangu akiwa na miaka minne. Tarehe 8 Februari, siku ya Alhamisi, wakiwa kwenye mvuke, Oiva alimuuliza mdogo wake dirisha la usajili linafungwa lini.

"Keshokutwa," Reino alijibu.

"Na kipa?"

"Kipa yupo."

Marehemu akamwagia mawe maji kwa raha zake. Reino alikuwa ameshasaini karatasi tangu saa nane mchana. Kura zilikuwa nne kwa tatu, na ile ya nne ilikuwa yake. Jumamosi marehemu akasoma gazetini kwamba Luukkainen ameuzwa kwa Mustalahti, mahasimu wetu wa ng'ambo ya ziwa, na mahali pake amesajiliwa kipa wa miaka thelathini na saba mwenye nyonga mbovu, eti ana uzoefu wa mtoano. Akapiga simu. Kerttu alikuwa amesimama karibu.

"Reino, umesaini?"

"Kaka, hayo ni mambo ya uongozi."

"Sikuulizi ya uongozi. Alhamisi uliniambia yupo."

"Alhamisi alikuwa bado yupo."

Wapendwa waombolezaji, aliyetoa jibu hilo ndiye anayewasomea. Kerttu amekaa na maneno hayo manne tangu Februari, na kila akiyarudia yanamchemsha upya. Marehemu hakukasirika kwa sababu ya kipa. Miaka yote uongozi uliuza watu wazuri na kununua wabovu, naye alifoka, akala, akalala. Alikasirika kwa kuwa amedanganywa kwenye mvuke, mahali walipozaliwa, na mtu aliyevalishwa viatu na yeye.

Kwenye mtoano tukapangwa na nani? Na Mustalahti. Mechi nne, vipigo vinne. Luukkainen alidaka kila kitu, na yule wetu alikuwa akishuka chini kama mzee anayetafuta miwani uvunguni. Marehemu aliziona mbili za nyumbani, ingawa daktari alishamkataza, kwa kuwa moyo wake ulikuwa ukisumbua tangu Oktoba 2019. Jukwaa zima lilikuwa linauliza kwa sauti aliyemuuza Luukkainen ni nani. Kijana mmoja wa safu ya tano akamtaja Reino kwa jina na kumporomoshea matusi. Marehemu akageuka.

"We kijana, huyo ni wa kutukanwa na mimi. Wewe tafuta wako."

Reino hakukanyaga kwetu Alhamisi nne. Tarehe 14 Machi akatokea. Pentti ni shahidi: waliketi watatu, Pentti katikati, ugomvi haukuguswa, kwa kuwa sheria ni sheria. Halafu Oiva akasimama, akajifunga taulo, akasema, "Haya. Tutoke." Akatangulia. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.

Reino alikwenda chumba cha kubadilishia nguo. Akavaa. Akapita mlango wa jikoni, mbele ya Kerttu, akasema, "Shemeji, naona muda umekwenda." Kerttu alidhani wameshamalizana, akamfungia vipande viwili vya mkate wa shayiri aende navyo. Hilo analijutia mpaka leo, hasa mkate.

Alipotoka kwenda kuzima taa ya uani alimkuta mumewe kwenye ngazi za sauna, na taulo lake, theluji imemkaa mabegani.

"Oiva, unafanya nini hapa?"

"Namngoja Reino. Anavaa viatu, anakuja."

Gari la Reino lilikuwa limeshavuka daraja.

Jumapili ya tarehe 17 alilazwa na homa ya mapafu. Daktari ameeleza kwamba si ule ubaridi, kwamba moyo ulikuwa umechoka na lolote lingeweza kumwangusha. Kerttu amemsikia na hambishii. Reino alifika hospitalini siku ya Jumatatu tarehe 25, wakati marehemu hawezi tena kuongea. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 26 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mkewe.

Linabaki jambo moja, na Reino hajalisikia kabla ya leo. Jumamosi kabla hajalazwa, wakiwa mezani, Kerttu alimuuliza mumewe, "Ulitaka kumwambia nini hasa?" Alisema ni mambo matatu. La kwanza haliandikiki kwenye programu ya kanisa. La pili alisema hivi: "Luukkainen kweli upande wa kushoto anavuja. Reino alinionyesha tangu Krismasi, nikambishia kwa ubishi tu. Hapo alikuwa sahihi. Angeniambia, ningefoka, yakaisha." La tatu alisema, "Halafu ningerudi ndani niyamwagie mawe maji kwa ajili yake."

Msomaji asisimame hapa. Imebaki kidogo.

Marehemu ameacha mke, Kerttu. Watoto wawili, Marketta na Jouko. Wajukuu watatu, mmoja wao kipa wa timu ya watoto. Pentti, ambaye si ndugu lakini ameshaganda vidole kwa ajili ya familia hii. Na mdogo wake, Reino, ambaye jina lake limo humu kwa kuwa nafasi hiyo ni yake, na hakuna kura ya kumtoa.

Kanisani ni kama kwenye sauna, hatugombani. Reino akimaliza kusoma aweke karatasi chini, apite mlango mdogo wa kulia. Kerttu atakuwa ameshatangulia, yuko kwenye ngazi, bila koti, na ana mengi ya kumwambia. Gari la Reino limezibwa nyuma na la Jouko, kwa hiyo asihangaike nalo. Sauna ya nyumbani imewashwa tangu asubuhi, na tukirudi kutoka makaburini mawe yatakuwa tayari.

Oiva apumzike kwa amani. Sisi wawili bado.