Kiti Kimoja cha Jeep

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu wa Burungu! Tena sifa kwake! Mimi ni Papa Furaha, mwenye ng'ombe wa kule juu kwenye mikalitusi. Wengi wenu munaniita Papa Jeep, na munacheka. Chekeni tu! Leo nimesimama niwaambie namna Mungu alinitoa ndani ya ile gari.

Marehemu baba yangu alichunga ng'ombe za mwenye shamba mumoja kwa miaka mingi. Siku mwenye shamba alipohama, alimuachia baba jeep yake ya fahari: viti vya ngozi, mbao zinazong'aa mbele ya usukani, kioo kinachofunguka juu ya kichwa. Ilikuwa imekufa zamani, kuku wanatagia ndani. Baba alipofariki nikasema nitaifufua mimi mwenyewe, hapa hapa nyumbani. Ndugu zangu, nilisema "nitaifufua", kama vile kufufua ni kazi yangu!

Nikatoa ndama zizini, nikaingiza jeep. Nilisugua kutu asubuhi, nikasugua mchana. Viti nilivipaka siagi ya ng'ombe, jinsi wazee wetu wanavyolainisha ngozi, na ndama wakaja kuvilamba kupitia dirishani. Moteri niliifungua vipande vipande, nikaiweka katika mabeseni ya bibi yangu wa ndoa, chini ya kitanda. Nilisema moteri itakuja mwisho. Mimi nilianza na uzuri!

Nikichoka, nilikaa nyuma ya usukani. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukafunika miguu ya ng'ombe, kisha migongo, na nikaona jeep inaondoka polepole juu yake. Vilima vya Masisi vilipita dirishani, maharagi katika maua, wabebaji wa migodi ya Rubaya wakinipisha na mizigo yao. Niliendesha hivyo saa nzima, bila moteri. Ilikuwa tamu, sitawadanganya.

Munajua desturi yetu ya kipoyi, ile machela ya miti. Mugonjwa akishindwa kutembea, wanaume wa kilima wanamubeba kwa zamu mpaka hospitali. Zamu yangu ilipofika, nilituma kidumu cha maziwa pahali pa bega langu. Siku walipobeba mama wa Papa Bahati, jirani yangu anayelima maharagi, nilituma vidumu viwili, nikarudi kupaka jeep rangi. Na nilijiona muntu mwema!

Ikafika asubuhi moja. Mama Furaha, bibi yangu, alikuwa na mimba ya miezi minane. Alianguka akikamua, maziwa yakamwagika, damu ikamutoka. Nikamubeba mpaka kwenye jeep. Ndiyo, ndugu zangu, kwenye jeep! Nikamulaza juu ya kiti cha ngozi, nikashika usukani. Akafungua macho, akaniuliza polepole:

"Papa Furaha, moteri iko wapi?"

Ilikuwa chini ya kitanda.

Nikapiga magoti katika matope. Nitaita nani, mimi muntu wa vidumu? Nikalia: Bwana, sina bega hata moja! Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wanatoka katika ukungu mumoja mumoja, Papa Bahati mbele, na miti miwili ya mikalitusi. Binti yetu Furaha alikuwa amekimbilia kwao bila kuniuliza.

"Kipoyi yetu ilivunjika juzi," Papa Bahati akasema. "Leta klé, toa hii kiti."

"Hii kiti ya ngozi?"

"Sasa Mama atalala juu ya nini? Juu ya maziwa yako?"

Nilifungua buloni nne za kiti kwa klé. Tukafunga kiti juu ya miti, nami nikaingiza bega langu. Ndugu zangu, ilikuwa kama ile ndoto yangu, ila sasa vilima vilipita kweli! Maua ya maharagi, ukungu, harufu ya siagi juu ya kichwa changu, na bibi yangu anapumua. Papa Bahati alipotaka kunipokea, nikakataa. Nilitaka kulipa zamu zangu zote siku ile.

"Hapana, kaka," akasema. "Muntu habebake peke yake. Toka, pumuzika."

Nikatoka nikilia, na pale njo Mungu alinifungua. Tulifika hospitali. Mama Furaha akaishi, na mutoto akaishi! Njo huyo anapiga kelele pale nyuma.

Kiti sikukirudisha. Kiko pale ukutani mwa kanisa, munakiona, kwa mugonjwa yeyote wa kilima, awe wa ng'ombe ao wa maharagi. Jeep iko zizini na pengo lake, ndama mumoja analala ndani. Asante, Yesu! Kama kuna muntu hapa anaendesha bila moteri, ashuke leo, amutegemee Bwana. Na siku mukiniona nakuja na kidumu, ndugu zangu, mukikatae. Muombe bega.