Siku Bi Hodi Alipopanda Gari la Mahabusu

Mwisho wa mwezi huu, msaidizi mkuu wa ofisi ya mbunge wetu anastaafu baada ya kuwatumikia wananchi wa jimbo hili kwa miaka ishirini na sita. Katika muda huo amehudumu chini ya wabunge wanne wa vyama tofauti. Kila aliyeshinda uchaguzi alipanda ngazi za ofisi yetu, juu ya duka la dawa, akamkuta mama huyu ameketi karibu na dirisha, akaambiwa kwa upole aketi kwanza apewe habari za jimbo.

Jina lake kamili liko kwenye cheti atakachopewa Ijumaa. Sisi na nusu ya watumishi wa serikali mjini humu tunamwita Bi Hodi. Aliyekataa kupokea simu yake asubuhi alimsikia mlangoni mchana: "Hodi wenyewe!" Siku moja katibu muhtasi wa idara ya maji alimwambia kwamba bosi ametoka, ilhali kikohozi cha bosi kilisikika waziwazi. Bi Hodi akavuta kiti. "Basi mwambie huyo aliyetoka kwamba namsubiri." Mtaa mzima ulipata maji wiki ile.

Wanaodhani kazi ya ofisi ya mbunge ni hotuba na harambee wangeshangaa kuona benchi letu asubuhi. Huketi mstaafu ambaye pensheni yake imekwama, mjane anayezungushwa na ofisi ya ardhi, mzazi ambaye mwanawe hana cheti cha kuzaliwa. Hatuna mamlaka ya kuamuru idara yoyote. Tunaloweza ni kuuliza, kuuliza tena, na kuhakikisha anayeulizwa anajua kwamba mwananchi huyu hayuko peke yake. Bi Hodi hakuwahi kumwombea mtu upendeleo. Alikuwa akisema: "Mimi naulizia utaratibu tu, ndugu yangu. Utaratibu unasemaje?"

Wengi hawajui kwamba mama huyu ni mwoga. Nimekaa naye meza ya jirani miaka kumi na moja, kwa hiyo nasema nilichokiona. Alipotakiwa kuzungumza na mtu wa vyombo vya usalama, rangi ilimtoka, na mkono usioshika simu uliing'ang'ania pembe ya meza. Alipokuwa mtoto, watu waliovaa sare walimchukua baba yake sebuleni. Baba alirudi, lakini hakuwahi kusema alikokuwa, na tangu siku hiyo hakuketi tena akiupa mlango mgongo. Bi Hodi alinisimulia hilo mara moja tu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa msimu ule wa msako wa wageni wasio na vibali. Watu waliacha kwenda sokoni. Jirani alimwogopa jirani, maana neno moja tu lilitosha kumfikisha mtu kituoni. Asubuhi moja mchomeleaji wa mtaa wa nyuma alipanda ngazi zetu mbio, kiatu mguu mmoja.

"Wamemchukua mama watoto! Wanasema si raia. Gari linaondoka mchana kwenda mpakani."

Mkewe tulimfahamu. Alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyetushonea mapazia ya ofisi. Mama yake mzazi alitoka ng'ambo ya mpaka, lakini yeye mwenyewe alizaliwa mjini hapahapa.

Bi Hodi alipiga simu kituo cha uhamiaji. "Hatuna mtu huyo," sauti ikasema, na simu ikakatwa. Akampigia Mheshimiwa, alikuwa angani, safarini, simu imezimwa. Akafumba macho kidogo. Kisha akamuuliza mchomeleaji: "Nani alikuwepo mkeo alipozaliwa?"

"Mkunga mmoja mzee. Bado yuko hai, anakaa kwa mwanawe kule mlimani."

"Mlete, hata kwa kumbeba."

Mimi na Bi Hodi tukaenda kituoni. Uani kulikuwa na gari la mahabusu lenye wavu madirishani, na watu wamekaa chini wamepanga mstari, vichwa vimeinama. Fundi cherehani alikuwa wa mwisho, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya gauni lake.

Mkuu wa kituo hakutukaribisha kuketi.

"Wewe ni nani kwenye jambo hili?"

"Mtumishi wa ofisi ya mbunge, mkuu. Huyu mama anasema ni raia. Utaratibu unataka asikilizwe kabla ya kuondolewa. Shahidi yuko njiani."

"Mbunge mwenyewe yuko wapi?"

"Safarini."

"Basi arudi tuongee. Amri imetoka juu. Na ukiendelea kunisumbua, gari lile lina nafasi."

Bi Hodi aliing'ang'ania pembe ya meza ya mkuu. Nilimshika kiwiko, nikamnong'oneza, "Mama, twende zetu." Nilitaka kuondoka, sioni sababu ya kuficha. Nje askari walikuwa wameanza kuwapandisha watu. Bi Hodi akanipa mkoba wake. "Mpigie Mheshimiwa mpaka apokee," akasema, akavuka ua, akashika chuma cha mlango, akapanda, akaketi kando ya fundi cherehani.

Askari mmoja akamwambia, "Mama, shuka bwana." Hakushuka. Injini ilikuwa inanguruma. Mkuu akatoka akifoka: "Ondoa gari!" Nilidhani sitamwona tena.

Aliyetuokoa kwa muda ule alikuwa dereva. Alishuka, akaanza kuhesabu abiria wake kupitia wavu, akakuna kichwa. "Mkuu, hapa kuna mmoja wa ziada. Nikifika mpakani nikiulizwa huyu ni nani, nitajibu nini? Mimi nina watoto." Wakabishana. Mkuu aliapa kumfukuza kazi, dereva akaapa kwamba ni heri afukuzwe kuliko afungwe. Wakiwa katika hayo pikipiki ikaingia, mchomeleaji mbele, na nyuma yake bibi mmoja amemkumbatia kiuno, kilemba kimemwangukia usoni.

Mkunga hakungoja kukaribishwa. "Yuko wapi? Huyo hapo! Alikuja miguu kwanza, akanitoa jasho, nikamfunga kitovu kwa mikono hii. Leo mnaniambia si wa hapa? Nani aniapishe, niko tayari!"

Watu waliokuwa getini walianza kusogea kuangalia. Mkuu akawatazama, akamtazama bibi, akasema kwa sauti ndogo fundi cherehani ashushwe asubiri kusikilizwa. Alisikilizwa baadaye, akashinda, na kitambulisho anacho.

Ila Bi Hodi hakuweza kushuka. Miguu ilikataa kabisa. Fundi cherehani ndiye aliyerudi kumkumbatia na kumteremsha kama mtoto. Gari likaondoka na wale wengine.

Nilidhani alikaa mle akimwombea fundi tu. Kumbe alikuwa akiwauliza wenzake majina na mitaa yao. Tuliporudi ofisini, kikombe kikimgongagonga menoni, alinitajia wote, na kesho yake akaanza kupiga simu. Baadhi yao walirudi makwao. Mzee mmoja muuza mkaa hatujampata hadi leo. Binti yake huja kuulizia, na Bi Hodi humpokea kwa kusimama.

Bi Hodi, unaondoka wakati mbaya. Msako umeanza tena, umeona mwenyewe benchi lilivyojaa wiki hii na watu wanavyogeuka kila ngazi inapolia. Asante kwa kila mlango ambao wewe ulisimama mbele yake ukitetemeka. Nenda ukapumzike, ukalale usingizi mzito, ulee wajukuu, uvute kiti chako popote upendapo. Jumatatu binti wa muuza mkaa atakuja, nami nitasimama kumpokea, kisha nitapiga simu kituoni. Naogopa sana, mama. Nitapiga.